Njia ya Mjini

"Mtalii," Himid akarudia. "Umemfanya mama mtalii, na sasa kapotea kama watalii."

Nikamwambia kama ana la maana aseme, kama hana aitoe pikapu mlangoni tukatafute. Ilikuwa saa tano za asubuhi, na mama alikuwa hajulikani alipo tangu saa mbili na nusu. Ndugu yangu ndiyo kwanza alikuwa anatoka Tumbe na samaki wake, maji ya barafu yanadondoka nyuma ya gari hadi kwenye kizingiti changu, na badala ya kuinua mguu alikuwa ananisomea makosa. Kwamba nimemwachia mtoto wa skuli kazi ya kumwangalia mtu mzima. Kwamba yeye alikwishasema, tangu mwaka juzi, mlango ufungwe kwa nje. Kwamba mtu asiyelijua tena jina la mwanawe hapelekwi matembezi.

"Mtu wa hivyo anakaa ndani," alisema.

"Kaa wewe. Siku tatu tu. Kisha uje unihadithie."

Binti yangu Nahla alikuwa barazani analia. Aliingia uani kufua, dakika kumi, na aliporudi bibi yake hakuwepo. Nilimwambia machozi ayaweke kwanza, avae mtandio, apite mlango hadi mlango upande wa juu wa mtaa wetu, Machomane. Himid nikamtuma bondeni kwenye mikoko, kwa sababu maji yalikuwa yamejaa na nilitaka huko kuangaliwe mapema. Hakuuliza kwa nini.

Mimi nikashika vichochoro.

Hiyo ndiyo kazi yangu. Nina diploma ya utalii, na kwa miaka kumi na moja nimewatembeza wageni kwa miguu: asubuhi nyuma ya soko la Chake, kwenye vichochoro vya wauza vitambaa na mafundi baiskeli, mchana njia za shamba, zile zinazoteremka mabondeni kwenye mpunga na kupanda tena kwenye mikarafuu. Wanaotaka kwenda peke yao nawapa karatasi moja niliyoichapa mwenyewe. Ina mambo machache. Kila penye panda geuka utazame nyuma, kwa sababu njia ya kurudi haina sura ya njia ya kwendea. Shika alama isiyohama, kisima au msikiti au mnara wa simu. Usishike gari wala mbuzi. Na usimuulize Mpemba, "Njia hii inakwenda Chake?" Atakwambia ndiyo, kwa adabu, hata kama inakwenda baharini. Muulize, "Njia hii inakwenda wapi?"

Hakuna mgeni wangu aliyewahi kupotea zaidi ya nusu saa.

Mama naye nilimchukua kwa utaratibu huo huo. Bi Kijakazi binti Faki aliolewa Chake akiwa na miaka kumi na sita, akazaa, akazika mume, na akili ilipoanza kumtoka tulikuwa tumeshaishi naye mjini umri mzima. Daktari alisema atembee, asikae. Basi kila siku baada ya sala ya alasiri nilimshika mkono tukazunguka njia moja: mashine ya kusaga, kwa fundi cherehani, kisima kilichofukiwa, msikitini, nyumbani. Na kila siku, tukifika penye mashine, alisimama akauliza, "Njia ya Mjini ipi?" Nami nilimjibu, "Hapa ndipo Mjini, mama. Tumo Mjini." Alikuwa ananyamaza. Nikadhani nimemtuliza.

Asubuhi ile niliifuata njia yetu hatua kwa hatua. Mama alikuwa amepita. Wote walimwona. Penye mashine walimwona, mwuza mkaa alimwona. Fundi cherehani, Bi Asma, alisema alimwamkia, na mama akaitikia vizuri kabisa, mpaka akamuulizia watoto. Nikamuuliza kwa nini hakumzuia. Akanitazama kama nimemtovukia adabu. Mtu amsimamishe Bi Kijakazi njiani, amhoji anakwenda wapi? Kwani si kila siku anapita hapa?

"Anapita na mimi," nikasema.

"Basi nikajua uko nyuma yake unakuja."

Hapo ndipo woga uliponiingia sawasawa. Ningekuwa nimemfungia ndani miaka miwili, siku ile angeonekana peke yake barabarani mtaa mzima ungepiga kelele. Mimi nilikuwa nimewazoesha. Mgeni aliyepotea Chake hafiki hatua ishirini kabla mtu hajamshika mkono kumrudisha barabara kuu. Mama yangu walimpa shikamoo, wakamwachia njia apite.

Baada ya kisima kilichofukiwa, hakuna aliyemwona tena.

Nikaingia kila uchochoro ninaoujua. Nikatazama kwenye mitaro, kwenye majumba yasiyoezekwa, nyuma ya mabanda ya kuku. Stendi niliuliza, walisema magari ya asubuhi yameshaondoka yote, wasubiriwe madereva. Hospitali hawakuwa na bibi asiyejulikana. Adhuhuri imamu alitangaza kwa kipaza sauti: Bi Kijakazi, amevaa kanga nyekundu ya kisutu, makubadhi ya rangi ya kahawia, anayemwona amrudishe Machomane. Himid akarudi na tope hadi magotini. Hakuona kitu. Alikuwa amewagawia majirani samaki wake kabla hawajaharibika, na hilo tu lilinionyesha kwamba ameacha kufikiri kuwa mama atarudi mwenyewe.

Mchana nikatoka kwa njia za shamba, zile za upande wa Gombani. Nimezipita mara mia nne, mia tano. Nilifika panda ya kwanza nikasimama. Kulia inateremka kwenye mpunga, kushoto inapanda kwenye mikarafuu. Nikashika kulia, nikaita, nikarudi, nikashika kushoto, nikaita. Mbele yake panda nyingine, na kila moja inazaa mbili. Kwenye karatasi yangu nimeandika namna mtu ajue yuko wapi. Sikuandika chochote cha kumsaidia anayemtafuta mwingine. Sauti ilinikauka. Nikiwa njiani nikawa natazama chini badala ya mbele, kila penye shimo, kila penye majani yaliyolala, na nikajikuta naomba Mungu nisione kitu.

Saa tisa na nusu nilirudi stendi, na gari ya Konde ilikuwa imeingia. Dereva wake, Jaribu, mtu mzima mwenye ndevu nyeupe, alikuwa anamimina maji kwenye rejeta. Nilimweleza kanga na makubadhi. Akatabasamu.

"Mama yako? Nimemfikisha salama. Nilimkalisha mbele kabisa, pale pangu."

Nikamuuliza alimfikisha wapi.

"Mjini."

Nikamwambia Mjini ndipo hapa tuliposimama.

"Hata mimi nilimwambia hivyo hivyo. Akasema, ino si Mjini. Nikamuuliza, Mjini kwa nani, bibi? Akasema kwa Faki Madema." Jaribu akafunga kifuniko cha rejeta. "Mimi mtu wa Micheweni, dada. Faki Madema nimezaliwa nakuta mawe ya nyumba yake, lakini mahali napajua. Nikageuza gari toka Konde nikampeleka mpaka Shumba Mjini penyewe, abiria wananung'unika. Nikamwonyesha njia."

Alikuwa anangoja nimshukuru. Nikamshukuru.

Shumba ziko mbili, na watu wa huko hawasumbuki kusema Shumba. Wanasema Viamboni, na wanasema Mjini. Faki Madema ni babu yangu, mzaa mama, aliyekuwa akisuka madema ya kuvulia samaki, na alikufa kabla sijazaliwa. Hayo yote nilikuwa nayajua. Mama aliniambia nikiwa mdogo. Miaka miwili aliniuliza njia ya kwao, kwa Kiswahili, mkono wake umo mkononi mwangu, na mimi nikamzungusha kwenye kisima kilichofukiwa. Dereva ilimchukua swali moja.

Himid alikimbiza gari kama aliyeliiba. Mimi nilikuwa nampigia simu Mardhiya, binti wa mjomba wetu, mtu pekee wa ukoo aliyebaki kwenye kiwanja kile. Simu ililia bila kupokewa. Tulikuwa tumeshapita Gombani, uwanja wa mpira umebaki nyuma, ndipo Himid alipozungumza. Alisema labda ndiyo kheri. Kama mama anataka kwao, na kwao pako, na Mardhiya ni damu yake, kwani tatizo liko wapi? Na mimi nilikuwa nafikiri hivyo hivyo. Nilikuwa nimeshafika mbali zaidi yake: nilikuwa nishapanga siku za kupeleka dawa na sabuni, na Nahla anasomea mtihani wake bila kushtuka kila mlango ukilia.

Tuliingia Shumba Mjini saa kumi na moja kasoro. Mardhiya tulimkuta nje, nguo zake zimelowa maji ya chumvi hadi kiunoni, ametoka kwenye mwani. Ni mwanamke mwembamba asiyepoteza maneno. Alisema shangazi yake alifika kabla ya adhuhuri, na yeye alilia kwa furaha. Alimwekea chai. Alimwonyesha mawe ya msingi wa nyumba ya Faki, akamwonyesha kisima, kile kile cha zamani, akamwambia, shangazi, hapa ndipo kwenu.

"Akanambia ino si Mjini," Mardhiya akasema. "Akauliza nyumba wameipeleka wapi. Nimwambie nini mie? Nimwambie imeanguka, baba yake kafa, mama yake kafa? Nilimwambia. Akanipiga na kikombe."

Kisha maji yakatoka. Mwani haungoji mtu, na maji yakishatoka kila mwanamke anakuwa huko. Mardhiya alimlaza, akamwona amesinzia, akaenda. Aliporudi kitanda kilikuwa kitupu. Watoto walisema bibi ameelekea kwenye mawe, nyuma ya mihogo. Walimfuata, naye akawarushia vijiwe, wakarudi.

Nikawaacha wanazungumza nikaingia kwenye mihogo.

Njia ilikuwa nyembamba, udongo mwekundu, baadaye udongo ukaisha ikawa miamba mitupu, ile yenye meno. Penye panda ya kwanza nikageuka kutazama nyuma, mazoea ya kazi. Penye ya pili nikaona kubadhi moja limepinduka. Hatua thelathini mbele, la pili. Baada ya hapo sikuhitaji alama nyingine kwa sababu damu ilikuwa juu ya mawe, madoa ya mguu mmoja, wa kulia, kila hatua. Alikuwa amekwenda, amerudi, amekwenda tena. Madoa mengine yalikuwa yamekauka na mengine bado mabichi. Alizunguka kichaka kile kile cha michongoma mara tatu.

Alikuwa amekaa upande wa pili wake, miguu ameinyosha. Kanga imechanika begani. Alikuwa amejikojolea. Unyayo wa kulia ulikuwa umefunguka kutoka kidole gumba hadi katikati, na nzi wamejaa, wala hawafukuzi. Midomo ilikuwa imepasuka kwa kiu. Nilichuchumaa mbele yake nikampa maji niliyokuwa nayo, akanywa yote, yakamwagika kidevuni.

"Shikamoo," nikasema, kwa kuwa sikujua niseme nini.

"Marahaba, mwanangu. Weye mwana wa nani?"

Nikamwambia mimi mtu wa Chake, napita tu. Nikavua mtandio wa ndani nikaanza kumfunga mguu. Alinitazama vidole. Alikuwa na utulivu, kama mtu aliyekaa penye foleni ya hospitali na jirani asiyemjua.

"Chake kuna mwanamke kanichukua," akasema. "Mwanamke mkali huyo. Kila siku namwambia, nipeleke Mjini. Ananishika mkono, tunatoka. Nasema leo ananipeleka. Ananizungusha, ananizungusha, kisha ananirudisha kwake. Mie kama ng'ombe wa kamba."

Nilikaza fundo.

"Anakupiga?"

"Hanipigi." Akafikiri. "Anasema uongo. Ananambia hapa ndipo."

Himid na Mardhiya walitufikia wakati ule. Himid alipouona mguu aligeuza uso. Halafu, bila kumwangalia mama, akaniambia yale aliyoyasema garini, safari hii kama jambo lililokwisha amuliwa: yuko kwao, kapataka mwenyewe, tumsafishe mguu tumwache hapa. Nikamuuliza Mardhiya. Yeye ndiye angebeba, nilitaka jibu lake si la Himid.

Mardhiya alijibu wazi. Alisema hawezi kumkataa shangazi yake. Chumba kipo. Chakula watagawana. Lakini siku za bamvua, maji yakitoka mbali mchana, yeye lazima ashuke kwenye mwani, na saa hizo atamfunga.

"Utamfungia mlango?" nikauliza.

"Mlango wangu ni wa makuti. Nitamfunga mguu, kwa kamba, kitandani. Mama yangu nilimfunga hivyo hivyo miaka mitatu ya mwisho." Alisema bila aibu na bila ukali. "Kamba laini. Haimchubui."

Jua lilikuwa limeshateremka nyuma ya minazi ya kijijini, na mawe yalianza kuwa na rangi moja na vichaka. Kwa nusu saa nyingine mtu angeweza kutembea pale. Baada ya hapo asingeona mguu anauweka wapi.

"Basi tumrudishe," Himid akasema, na akamwinamia mama kumnyanyua kwapani.

Mama alipiga ukelele. Sijapata kumsikia mama yangu akitoa sauti ile, hata siku tuliyomtoa baba ndani kwenda kuzikwa. Alishika mchongoma kwa mkono mtupu akaung'ang'ania. Alimng'ata Himid kwenye kifundo cha mkono, kwa meno machache aliyobaki nayo, akang'ang'ania hapo pia. Alikuwa analia anamwita mama yake. Hataki Chake. Hataki kwa yule mwanamke. Himid, mtu wa kilo tisini anayebeba matenga ya samaki peke yake, alikuwa naye analia, anasema, mama, mama, ni mimi. Mardhiya alisogea kumshika miguu.

Nikawaambia wote wawili wamwachie.

Walimwachia. Nikamwambia Himid aende kwenye gari aligeuze, alisogeze mpaka mwisho wa mihogo, afungue mlango wa mbele. Aliniuliza ninakusudia nini. Nikamwambia aende. Nilingoja mpaka niliposikia injini. Nilitoa miiba kwenye kiganja cha mama, mmoja mmoja, nikafuta damu kwa upindo wa nguo yangu. Nilikuwa nimeshaamua, na nilijua naamua nini. Diploma sikupewa kwa kazi hii, lakini mwongozaji asiyeweza kumwambia mtu njia inakokwenda anaweza bado kumfanya ainuke atembee. Nilikuwa nimejaribu kweli yangu miaka miwili, Mardhiya amejaribu ya kwake leo, na kikombe kimevunjika.

"Bibi," nikamwambia. "Mimi naelekea Mjini."

Akaacha kulia. Machozi na kamasi vimechanganyika, akapangusa pua kwa nyuma ya mkono kama mtoto.

"Kwa nani?"

"Kwa Faki Madema."

"Ndiye baba yangu."

"Ndiyo. Kanituma nije nikuchukue."

Mardhiya alikuwa amesimama nyuma yangu. Akapita mbele kutufungulia njia. Mama alinyoosha mikono yote miwili juu, ile namna mtoto anavyotaka kubebwa, na mimi nikageuka nikachuchumaa akapanda mgongoni. Hakuwa mzito hata kidogo. Mkojo wake ulinilowesha mgongo. Mbele yetu Mardhiya alishika matawi ya miiba yasitupige usoni, na kila nilipoyumba kwenye mawe mama alinikaza shingo na kunambia pole, mwanangu, pole, baba atakupa samaki.

Nilimkalisha mbele, nikamfungia mkanda, nikakaa ubavuni mwake. Himid aliniangalia juu ya kichwa chake. Alikuwa amefunga kitambaa kwenye kifundo cha mkono.

"Huyu ndiye dereva?" mama akauliza.

Nikasema ndiye.

Akamwamkia kwa heshima, akamwomba asiende mbio. Nikafunga mlango, nikamwambia Himid ashike barabara ya Chake.